Abba, Leo Sikusalimii

Abba yangu,

Leo sikusalimii. Nimekaa hapa kibarazani kwetu Bula Pesa tangu nimalize kuosha mitungi ya maziwa, karatasi iko juu ya goti, na kila nikitaka kuanza vile ulivyonifundisha, mkono unakataa. Wewe ulikuwa mtu wa kusalimu mpaka chai inapoa. Basi nisamehe, au usinisamehe, lakini salamu yako leo utaingoja. Nitakuambia kwa nini.

Unakumbuka yule mgeni aliyekuja kutoka Rapsu, mimi nikiwa bado msichana wa shule ya msingi? Tulikuwa tunakula. Alisimama mlangoni na fimbo yake, nawe ukainuka ukamuuliza, "Nagaa?" Akajibu, "Nagaa." Watu nagaa? Nagaa. Mifugo nagaa? Nagaa. Majani, mvua, njia, watoto? Nagaa, nagaa, nagaa. Kila kitu kwa huyo mzee kilikuwa amani tupu. Mama akamwekea chai, akanywa, akaomba nyingine. Alipomaliza hiyo nyingine ndipo akatazama chini na kusema, "Sasa, nyanya ya hawa watoto ametuacha." Mama yako mzazi alikuwa amekufa tangu asubuhi, Abba, na huyu mtu alikuwa amekaa kwetu anapuliza chai na kutuambia amani!

Tulipotoka mazishini nilikuuliza mbona alitudanganya. Macho yako yalikuwa mekundu lakini ukacheka kidogo. "Talaso, hakudanganya. Kwanza unampa mtu amani, halafu ndiyo unampa habari. Akipata habari bila amani, atasimama na nini?"

Nililipenda hilo neno. Nilitembea nalo miaka yote hii nikiringa kwamba sisi Waborana tuna adabu kuliko watu wengine. Sasa limenitia taabuni, na nimekasirika, na wa kukasirikia ni wewe, kwa sababu ndiwe uliyenifundisha na ndiwe uliyelitumia vibaya siku ya mwisho.

Siku yenyewe sitaiandika yote. Tulikuwa tumetoka kwa ngamia upande wa Gotu, pikapu ya Molu, dereva wetu wa maziwa, imejaa mitungi, wewe mbele naye, mimi nyuma nimekalia gunia. Mlikuwa mnabishana juu ya yule ngamia mwekundu, wewe ukisema atazaa kabla ya mvua, yeye akisema baada. Uligonga kioo cha nyuma ukanionyesha kwa mkono tumbo lilivyo kubwa, nikacheka. Tuliposhuka kwenye laga, ule mto mkavu wenye mchanga mwingi, ndipo risasi zikaanza. Mpaka leo hakuna anayejua walikuwa kina nani wala walitaka nini, na mimi nimechoka kusikia watu wa mjini wakikisia. Molu hakusimama. Alikanyaga mafuta mpaka tukatoka upande wa pili, na maziwa yalikuwa yananimwagikia miguuni kutoka kwa mitungi iliyotobolewa. Mbele kidogo aliposimama nikahamia kwako, nikaweka kichwa chako begani kwangu.

"Abba, uko sawa?"

"Nagaa," ukasema.

"Unaumia wapi, Abba?"

"Nagaa."

Niliuliza tena tulipofika kwa lami. Ulivuta pumzi ndefu, ukanijibu kwa sauti ile ile ya kumjibu mgeni mlangoni, "Nagaa." Halafu hukusema tena. Tulipofika hospitalini, daktari alikushika shingo na kunitazama, nikajua.

Ulinipa amani, Abba, na habari hukunipa. Ungesema tu unaumia. Ungesema unaogopa. Ungesema lolote, hata matusi, ningekuwa na kitu cha kushika. Mimi mtoto wako nikakaa pale kama mjinga nikiamini, au nikijifanya naamini, kwa sababu adabu ni adabu.

Baada ya hapo mwili wangu uliniacha. Sijui niseme vipi vingine. Pikipiki ikipiga risasi za moshi pale stendi ninapouza maziwa, najikuta chini ya meza, na wateja wananiangalia. Mara ya kwanza wenzangu wa maziwa walicheka, wakafikiri nimeangusha kitu. Mara ya pili hawakucheka. Maziwa yakimwagika hata kidogo, nikisikia ile harufu yake ya uchachu na moshi tunaofukizia mitungi, vidole vinakufa ganzi. Fikiria muuza maziwa anayeogopa harufu ya maziwa! Habiba, unamkumbuka, yule wa meza ya jirani mwenye mdomo, aliniambia nihamie biashara ya mkaa. Nilimtukana. Baadaye nikagundua hakuwa anatania.

Na Gotu siwezi kwenda. Hapa ndipo kuna kisu. Ngamia wako wako kule na Wario, yule mchungaji wako wa siku zote, na nyumba yetu haina mtu mwingine wa kwenda. Magoti ya mama yamekataa. Mara mbili nilipanda kwa Molu, na mara mbili nilishuka Ngare Mara, pale lami inapoachwa, nikarudi mjini nikilia ndani ya lori la watu nisiowajua. Baba mdogo Dida akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti chako bila kuulizwa. "Talaso, wewe pikipiki inakuingiza chini ya meza, ngamia utawaangaliaje? Maziwa yanapungua, wanyama wanakonda, na Wario anafanya anavyotaka. Kama mvua itanyesha na hakuna mtu wa nyumba hii ameonekana kule, nitawauza." Mimi nilisema mengi, lakini Dida alijua, na mimi nilijua, kwamba maneno hayapandi pikapu.

Ndiyo nikaenda kwa Kawira. Huyu ni muuguzi, Mmeru wa Nyambene, msichana mdogo mwenye sauti ya upole mpaka inakera. Alikuwa na kikundi cha akina mama kwenye veranda ya kliniki, wengi wao walikuwa wameona mambo kama yangu, Habiba akiwemo. Mimi sikujua Habiba alikuwa ameona nini. Tumeuza maziwa meza kwa meza miaka mingi na sikujua.

Alitueleza kwamba ubongo ukishtuka sana hubaki mlangoni kama mlinzi aliyekataa kulala, kila kitu kwake ni mwizi, na kwamba kuna mazoezi ya kuufundisha upya. Pumzi. Kukaa kimya na kutazama mawazo yakipita bila kuyafuata. Michezo ya simu ya kuzoesha akili kungoja kidogo kabla ya kuruka. Nilitaka sana ifanye kazi, Abba. Nakuambia hivyo ili usifikiri nilienda kwa kiburi.

Lakini wallahi! "Wamama, fungeni macho." Nikifunga macho niko kwenye laga. "Vuta pumzi ndefu." Pumzi ndefu ni ile yako ya kwenye lami. Akatuwekea sauti iliyorekodiwa, mwanamke anaongea kama amemeza dawa ya usingizi, unatembea ufukweni, sikiliza mawimbi. Mimi bahari nimeiona kwenye kalenda ya duka. Nikisikia maji yanavuma najua laga imejaa, natafuta mahali pa kupanda. Nusu ya kikundi walifungua macho pamoja nami.

Nyumbani nako mama. "Unakaa kimya unahesabu pumzi? Hiyo ni dini ya nani?" Nikamwambia si dini, ni dawa. "Kama ni kukaa kimya na kuhesabu, tasbihi ya baba yako imening'inia pale msumarini. Chukua." Nikaichukua. Nilikuwa nikifika katikati ya ushanga na kugundua nimeubana mpaka kidole kimekuwa cheupe.

Mchezo wa simu ndio ulinimaliza. Unaandikiwa neno "nyekundu" kwa rangi ya kijani, na unatakiwa uguse rangi, si neno. Ukikosea unarudi mwanzo. Nilikosea mpaka nikataka kuitafuna simu. Siku moja mezani nikapata yote, ya kwanza mpaka ya mwisho, na simu ikanipongeza kwa fataki. Pa! Pa! Pa! Simu nikairusha ndani ya sufuria ya maziwa, mimi huyo chini ya meza. Mtu aliyetengeneza dawa ya mshtuko akaweka milipuko ndani yake, nampata wapi nimwambie? Habiba alicheka hadi akakaa chini, nami nikacheka pia kule chini ya meza, halafu kicheko kikageuka, akanishika mkono tukakaa hapo.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Kila wiki Kawira akianza kikao alikuwa anatuuliza, "Wamama, mko na amani?" Alikuwa amefundishwa na mtu neno letu, akalitumia kwa furaha. "Nagaa?" Nasi sote, kwa mpigo mmoja, "Nagaa!" Ni nani angejibu vingine? Mtu anakusalimu, unamrudishia. Kwa hiyo tulimpa amani kila wiki, tukangoja aulize habari, naye hakuuliza. Alifurahi sana, akaendelea na pumzi zake.

Siku moja tukakuta soda na mandazi mezani. Akasimama, macho yanang'aa. "Wamama, nimefurahi. Mlikuja hapa mkiwa na shida, na sasa kila nikiwauliza mnaniambia mna amani. Mmemaliza! Kuna kikundi kingine kinangoja nafasi." Akapiga makofi. Tukapiga makofi. Tulikunywa soda. Habiba akaniinamia sikioni na kunong'ona, "Mimi bado nalala na viatu."

Nilienda nyumbani nimevimba. Nilimkasirikia Kawira, nikajikasirikia, nikamkasirikia mama aliyeniuliza kama nimepona nami nikamjibu, unajua nilimjibu nini? Nikatema hilo neno kabla sijalisikia. Hapo ndipo nilikuona wewe, Abba, kichwa begani kwangu, unajibu kama mtu aliyekaribishwa chai. Nilipiga ukuta kwa kiganja mpaka mama akatoka na fimbo yake akidhani kuna nyoka.

Kesho yake nikarudi kliniki na mitungi yangu mkononi.

"Daktari, hatujapona."

"Lakini mlisema mna amani, Talaso. Kila wiki."

"Hilo si jibu. Hiyo ni salamu."

"Kumbe? Na mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza habari. Uliishia kwa salamu ukaenda zako."

"Sasa mtu akiwa mgonjwa, akiulizwa, anasema nini?"

"Nagaa."

"Akiwa amefiwa?"

"Nagaa. Halafu chai. Halafu ndiyo anasema."

"Na akiwa anakufa?" aliuliza, kwa mzaha tu, masikini, hakujua. Niliweka mitungi chini nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza, kilio cha sauti, na wagonjwa kwenye benchi wakageuka kututazama. Nilimwambia yote, lami na bega na pumzi, na yeye akakaa tu sakafuni karibu nami na sare yake nyeupe. Hakusema nifunge macho.

Tuliitwa tena. Safari hii alipika chai. Alisema "Nagaa?" tukasema "Nagaa!" akatumiminia, akakaa, akangoja. Vikombe vilipoisha akasema polepole, "Haya. Habari?" Mtu mmoja akakohoa. Halafu Habiba, huyo mwenye mdomo, akasema akitazama kikombe, "Nalala na viatu. Watoto wangu pia nawavalisha." Baada yake tulikuwa tunakatana maneno.

Sikudanganyi kwamba mambo yalikuwa laini tangu hapo. Yalizidi kuniudhi. Kawira alisema kama macho yaliyofungwa yananirudisha kwenye laga, niyafungue, na kama kukaa kunanitesa, nisimame. Akaniambia nitafute mahali pa salama kichwani mwangu, mahali pangu na si pa kwenye kalenda. Nikachagua wewe unapokamua. Unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa mwingine umeegemea goti, chombo juu ya paja, na povu linapanda. Palikuwa pazuri mpaka maziwa yalipotoka, harufu ikaja, nikawa ndani ya pikapu. Nilimwambia Kawira hata mahali pangu pa salama wamepatoboa.

Nilikaa na hasira hiyo siku nyingi. Halafu nikiwa naosha mitungi nikakumbuka kulikuwa na muda kabla ya maziwa. Ndama ananyonya kidogo, anaondolewa, na wewe hukuanza mara moja. Ulikuwa unasimama kando ya shingo ya ngamia, umeegemeza mkono, unapumua tu. Mimi mtoto nilikuwa nakusukuma, "Abba, anza!" Nawe, "Ngoja, bado hajashusha maziwa." Muda huo hauna harufu. Una jasho la ngamia na vumbi na mkono wako. Nikaanza kwenda hapo na kukaa, kisha nikaanza kusimama kwa mguu mmoja kama wewe, kwa sababu niligundua jambo, Abba, kwamba ukiwa kwa mguu mmoja na akili ikaenda kwenye laga, unaanguka. Inabidi urudi. Nilianguka sana. Nina alama kwenye kiwiko.

Mama alinikuta uani nimesimama hivyo. "We Talaso! Mwanamke hakamui ngamia!"

"Sikamui ngamia, mama. Nakamua akili."

"Inatoa?" akauliza. Nikamwambia kidogo. Alivuta kiti akakaa kunitazama, akasema bila kuulizwa kwamba kila asubuhi bado anakumiminia kikombe chako, halafu anakinywa yeye upesi kabla sijaamka. Alisema hivyo kama mtu anayesema sukari imeisha. Sikujua, Abba. Naishi naye na sikujua.

Na barabara je? Kawira alisema twende nayo kidogo kidogo. Leo nikae ndani ya pikapu ya Molu ikiwa imezimwa. Siku nyingine mpaka mwisho wa mji. Siku nyingine mpaka Ngare Mara, nishuke, ninunue kitu, nirudi kabla hofu haijanirudisha yenyewe. Nikakumbuka ulivyokuwa unamzoesha ngamia wa mizigo, kwanza ngozi tupu mgongoni, baadaye mtungi mtupu, baadaye maji nusu, na mimi nikakuambia unapoteza wakati. Sasa nilikuwa ngamia mwenyewe na nilichukia kila hatua. Siku moja nilikuwa naenda vizuri kabisa, na pikapu ya miraa ikatupita kwa kasi, ikatoa mlio nyuma, na kazi ya wiki nzima ikamwagika pale pale. Molu alinirudisha mjini. Nilimwambia Kawira sitaki tena, ubongo wangu ni mkaidi na yeye pia. Akasema, "Sawa. Lakini chai ya Alhamisi utakunywa?" Nilienda kwa ajili ya chai.

Mawingu yalipoanza kukaa upande wa milima ya Nyambene, baba mdogo Dida akaleta mnunuzi kuulizia. Nikamsikia mama akimwambia mlangoni, "Subiri, mtoto wangu anaenda." Mimi sikuwa nimesema naenda. Ndiyo nikaenda.

Molu aliendesha polepole kama amebeba mayai. Nilitaja nilichokiona, kwa sauti, vile Kawira anavyotaka, mbuzi, mbuzi, mzee na redio, kiatu kimoja barabarani, mbuzi. Molu akaanza kunisaidia, "Yule pale pia, kondoo." Ngare Mara tukapita. Njia ya mawe ikaanza, na tulipoona laga inashuka mbele akauliza, "Nisimame?" Nikamwambia asisimame. Halafu nikamwambia asimame.

Nilishuka kwenye mchanga. Mikono ilikuwa imekufa, masikio yanapiga kelele, na mwili wote unaniambia panda, kimbia, lala chini. Nikainua mguu mmoja. Nikaanguka. Nikainuka nikauinua tena, nikaegemeza mkono kwenye hewa mahali ambapo shingo ya ngamia ingekuwa.

"Talaso, unafanya nini?" Molu akaita, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko miguu yangu.

"Ngoja," nikamwambia, "bado hajashusha."

Sijui tulikaa muda gani. Kulikuwa na ndege wadogo, na jua, na mchanga. Hapakuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimeogopa mahali hapo mpaka nikasahau ni mchanga. Nilitapika kidogo, nikajifuta kwa shuka, nikapanda. Usifikiri nilitoka pale nikiwa shujaa, nguo yangu ilikuwa imelowa jasho mpaka mgongoni.

Wario alituona tangu mbali. Amezeeka. "Nagaa?" "Nagaa." Mama nagaa? Nagaa. Mji nagaa? Nagaa. Njia nagaa? Hapo nilikwama kidogo, lakini nikasema nagaa. Akatupikia chai kwa maziwa, nami nikashika kikombe, nikainusa hiyo harufu, nikanywa. Tulipomaliza, akatazama chini kama yule mzee wa Rapsu, akangoja.

Nikasema, "Wario, mimi siko sawa. Naogopa. Nimeshuka kwenye laga nikatapika. Nalala vibaya, na nimemkasirikia Abba kwa sababu hakuniambia kama anaumia."

Alichokora moto kwa kijiti. "Mimi tangu siku ile sijavuka hiyo laga," akasema. "Ngamia wakitaka maji nawazungusha kule juu, safari ya kutwa nzima. Wanachoka, wanakonda, maziwa yanakauka. Dida akiniuliza namwambia ni majani." Akaweka kijiti chini. "Sikuwa na mtu wa kumwambia."

Hiyo ndiyo sababu ya maziwa kupungua, Abba. Watu walisema Wario ni mwizi, wengine walisema mvua, Dida akasema ni uvivu wa wanawake. Kumbe ilikuwa hofu ya mtu mmoja inayoizunguka laga kila siku, na kila aliyeulizwa akijibu amani.

Kesho yake tulivuka na ngamia, Wario mbele, mimi nyuma, Molu na pikapu kando yetu kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Wario alisimama katikati na hakuweza kusonga, nikamwambia ataje anachokiona. Akasema, "Ngamia." Nikamwambia endelea. "Ngamia. Ngamia. Yule mwekundu. Mtoto wake." Alizaa kabla ya mvua, Abba. Ulishinda ule ubishi.

Ngamia hawajauzwa. Baba mdogo Dida amesema tutaona, na mimi najua maana ya tutaona yake. Nimepona? Usiniulize upuuzi. Juzi tu mtoto alipasua mfuko wa karatasi nikamwaga chai ya watu. Simu ilikauka ikapona, na mchezo wa rangi bado unanishinda nikiwa nimechoka, na zile fataki nimezizima sauti. Kuna siku nasimama uani kwa mguu mmoja nikijiona kituko kikubwa, na kuna siku nakusahau kwa muda, nikikumbuka naumia kwa kukusahau. Hasira yangu kwako haijaisha. Imepungua makali tu, kwa sababu nimekaa nikifikiri, kwenye lami ile, labda ulikuwa unafanya vile ulivyojua, unanipa amani kwanza ili nipate cha kusimama nacho, na habari ulikuwa unaileta, njia ikawa fupi.

Kama ni hivyo, mimi nimemaliza yangu. Chai nimekunywa. Mama yuko ndani, leo amekiacha kikombe chako mezani kimejaa na hakukificha. Sasa naweza kukusalimu.

Nagaa, Abba?

Najua utakavyojibu. Nijibu hivyo hivyo. Halafu usiondoke, mimi nipo, nangoja habari.

Binti yako,
Talaso